Maonyesho ya boti ya Southampton: mwenye kidau ana nafasi gani?

Tangu Septemba nimeiacha hasira hii ipoe, haikupoa. Kwa hiyo naandika.

Mimi ni mtu wa Pangani, naishi kusini mwa Uingereza, na nina Mirror. Ni kidau cha mbao chenye tanga jekundu; watu wawili wanakibeba wenyewe mpaka majini. Mlingoti wake mfupi, juu yake unapandisha foromali, mti unaoshika tanga, inayosimama karibu wima, na siku ya kwanza nilipoiona niliijua bila kufundishwa na mtu.

Nilikwenda na binti yangu Mayflower Park, pale kando ya mto Test wanapotandaza magati ya kuelea kila Septemba. Tiketi mbili, treni, chips za bei ya mlo mzima. Pesa hiyo ingeninunulia henza mpya, kamba ya kupandishia tanga, na demani zake za kuliongozea, na chenji ikabaki. Sikujali. Mfukoni nilikuwa na kapi la henza lililopasuka, la zamani, la aina usiyoiona tena madukani. Nikajiambia kwamba kama kuna mahali nitampata mjuzi wa kuniambia niweke lipi badala yake, ni hapa.

Banda sitalitaja jina. Lilikuwa la makapi na kamba, ukuta mzima, kitu cha kumpendeza yeyote aliyewahi kuvuta tanga. Tukapanga foleni. Zamu yangu ilipofika, kabla hata ya salamu, muuzaji akaniuliza boti yangu ina urefu gani. Nikamwambia: mita tatu na kidogo. Akacheka kwa puani. "Hizo za kufundishia watoto? Tafuta mtandaoni." Kisha akampa mkono bwana aliyekuwa nyuma yangu, akamkaribisha kiti.

Mimi bado nimenyoosha mkono, kapi liko kiganjani. Hakulitazama. Hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo. Angelishika, akaligeuza, akasema "hatuna hili", ningemshukuru na kwenda zangu. Hata Sabasaba, ambako umati unakusukuma na jua linakuchoma, ukiuliza bei ya sufuria moja unajibiwa kama mteja. Huyu amevaa fulana yenye nembo ya nanga na hataki kutazama kapi!

Binti yangu alisikia kila neno. Yuko kwenye umri ule wa kumtazama baba ajue atafanya nini. Akanishika mkono, "Baba, twende. Tutapata kwingine." Tukaondoka. Marehemu babu yake alivua kwa ngalawa, kusi na kaskazi, akasomesha watoto kwa ngalawa hiyo, na sijapata kusikia mtu akimwambia chombo chake ni cha kuchezea.

Baada ya hapo kila kitu kilinichefua. Boti kubwa kule magatini, ukitaka kupanda uvue viatu, uandikishe jina, usubiri, na mhudumu anakupima kwa macho kwanza. Vidau vya tanga vilikuwa vichache hata ukivitafuta. Nikawa najiuliza waandaaji wa mambo haya wanakumbuka nini. Mirror yenyewe ilizinduliwa kwenye maonyesho ya boti ya London mwaka 1963! Jack Holt na Barry Bucknell waliichora ili mtu wa kawaida aijenge nyumbani: mbao zinashonwa kwa waya wa shaba, maungio yanazibwa kwa utepe na gundi. Sisi wa pwani tuliotoka kwenye mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za nazi, hatuhitaji kuelezwa ubora wa wazo hilo. Bei ilikuwa chini ya pauni 64, na zimejengwa zaidi ya 70,000. Laser ya Bruce Kirby, kidau kingine cha tanga, nayo ilitoka kwa umma kwenye maonyesho ya New York, 1971. Vyombo vidogo ndivyo vilivyowajaza watu kwenye kumbi hizi, vikawatia hamu ya bahari. Maonyesho ya London yalifanyika mara ya mwisho Januari 2018, na sisi wenye vidau hatukuwa tumeyakimbia. Tulikuwa tumeshasukumwa pembeni.

Haya, nisionee. Jaketi la kuokolea la binti nilinunua pale pale kwa punguzo la kweli, na mama aliyetuuzia alimvisha, akafunga mikanda, akamwinua kwa mabega kuhakikisha halimpandi shingoni. Huyo alijua kazi yake. Na kutembea gatini kutazama milingoti ile yote, binti alifurahi, sitamnyang'anya hilo.

Lakini sikiliza. Februari rafiki alinilazimisha niende maonyesho mengine, ya vidau hasa, Farnborough, yale yaliyokuwa yakifanyika Alexandra Palace, London, kwa miaka. Nilikwenda kwa shingo upande. Pale hakuna viatu vya kuvua. Kila aina ya kidau ina meza yake, na wanaokaa mezani ni wenye vyombo, wamejitolea. Kwenye meza ya Mirror nikamkuta mzee, nikatoa kapi langu. Alilishika kwa mikono miwili. Akalisogeza kwenye mwanga, akaniuliza natia kamba nene kiasi gani, akaniambia mwili ni mzima, kilichokufa ni gurudumu na pini yake. Akachakura kisanduku chini ya meza, akanipa gurudumu, akakataa pesa. Binti akamuuliza kuhusu kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, penye mkondo mkali, wakachora kwenye karatasi mpaka wenye meza ya pili wakaja kubishana nao.

Sasa niseme nini? Nilikuwa nimeapa kwamba maonyesho yote ya boti ni upotevu wa pesa kwa mtu kama mimi. Siwezi kusema hivyo tena. Ila nikikumbuka mkono wangu uliobaki hewani Southampton, damu inachemka upya, na nasema wazi: kama chombo chako hakifiki mita tano na unatafuta kifaa au ushauri, usipeleke pesa yako kule Septemba. Labda kwa jaketi. Weka nauli, ngoja Februari, na ubebe kifaa chako kilichovunjika, usibebe picha.

Mwenzetu aliyeko Ujerumani au Uholanzi ambaye ameshafika maonyesho ya Düsseldorf, yale makubwa ya Januari, aniambie: kwenye kumbi za matanga kule, mtu akija na kapi bovu mkononi, wanalitazama?