Kimiminika cha kulinda kioo cha simu: kinatoa nini, na kinashindwa wapi

Katika maduka ya simu ya Kariakoo, hasa yale ya Mtaa wa Aggrey, mteja anayetaka kulinda kioo cha simu yake huonyeshwa njia tatu: protekta ya kioo, protekta ya plastiki laini inayokatwa kwa mashine palepale kulingana na aina ya simu, na kimiminika kinachopakwa na kuachwa kikauke. Zote tatu zimetumika katika simu za nyumbani kwetu. Nitakizungumzia zaidi kimiminika, kwa sababu mara nyingi ndicho chenye bei kubwa na ndicho kinachosifiwa kwa kazi isiyo yake.

Ndani ya pakiti mna kitambaa kidogo kilicholowa na kingine kikavu. Kioo husafishwa kwanza kwa spiriti, kikapakwa kwa kitambaa kile chenye unyevu hadi pembeni, kisha baada ya muda kikasuguliwa kwa kitambaa kikavu mpaka ukungu wote utoweke. Kilichomo kwa kawaida ni chembechembe za silika, yaani madini yanayounda mchanga na kioo, zilizochanganywa na spiriti. Spiriti ikishapaa, hubaki utando ambao unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Tofauti huonekana mara moja. Tone la maji hujikusanya na kuteremka bila kuacha mchirizi, kidole huteleza kwa wepesi, na mafuta ya mkono hufutika kwa pindo la shati. Simu mpya hutoka kiwandani na utando unaozuia mafuta ya vidole, nao hulika kidogo kidogo kadiri kioo kinavyosuguliwa, kwa hiyo mwenye simu ya miaka kadhaa atafurahia sana kuurudisha ule ulaini wa mwanzo. Kwa kazi hiyo, kimiminika kinastahili sifa.

Tatizo ni maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti kwamba kioo hakitavunjika simu ikianguka. Utando mwembamba kiasi hicho hauna mwili wa kupokea kishindo. Nguvu za kustahimili kuanguka zimo ndani ya kioo chenyewe: kampuni ya Corning ya Marekani, ambayo kioo chake kilitumika katika iPhone ya kwanza mwaka 2007, hukizamisha kioo katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la takribani nyuzi 400 za Selsiasi, ili atomi ndogo za sodiamu zitoke na nafasi zake zichukuliwe na atomi kubwa za potasiamu, jambo linaloufanya uso wa kioo ujibane na kuwa mgumu kupasuka. Kazi ya namna hiyo haifanyiki juu ya kaunta kwa kitambaa chenye unyevu. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba amempa kinga dhidi ya kuanguka anamdhuru, kwa sababu mteja huyo huondoka akiwa na imani na huenda akaacha kutumia hata kava.

Alama ya 9H nayo inahitaji kuelezwa, maana imechapishwa karibu kila mahali. Wengi huichukulia kama namba 9 katika kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huipa almasi 10 na yakuti 9. Sivyo. Alama ya 9H hutoka katika kipimo cha penseli, na maana yake ni kwamba penseli ngumu ya daraja hilo haikukwaruza uso uliopimwa. Madini ya kwatsi, ambayo yamejaa katika mchanga wa fukwe zetu na katika vumbi la barabarani, yana ugumu wa 7 kwa kipimo cha Mohs, na hayo hukwaruza vioo vingi vya simu, viwe vimepakwa kimiminika au la. Mkwaruzo wenye kina ndio mahali ambapo ufa huanzia siku simu inapoanguka.

Hapo ndipo protekta ya kioo inapokishinda kimiminika kwa mbali. Yenye unene wa milimita 0.33 huongeza uzito wa gramu 8 au 9 tu kwenye simu ya ukubwa wa kawaida, lakini hupokea mikwaruzo yote badala ya kioo cha simu, na simu ikiangukia uso wake, mara nyingi huvunjika yenyewe kwanza. Niliona protekta iliyopasuka kuanzia pembeni hadi katikati ikibanduliwa kwa ncha ya kadi, vipande vikining'inia kwenye gundi, na kioo cha chini kikiwa hakina hata mstari. Dai kwa fundi ile yenye gundi uso mzima, kwa kuwa yenye gundi pembeni pekee huacha nafasi ya hewa katikati na kufanya mguso uwe mzito. Fundi mzuri hunyanyua vumbi kwa utepe wa gundi kabla ya kuishusha, kisha huiacha gundi ijisambaze yenyewe kutoka katikati bila kuikandamiza. Pembe za simu hubaki wazi, hivyo kava yenye ukingo ulioinuka ni ya lazima.

Kwa simu zenye kioo kilichopinda pembeni, inafaa zaidi protekta ya plastiki laini. Huzuia mikwaruzo vizuri, ingawa msaada wake kwenye kishindo ni mdogo. Protekta ya kioo inayobandikwa kwa gundi inayoganda kwa taa ya urujuanimno (UV) nayo hushika vizuri, ila mkono wa fundi usiwe mzito, kwani gundi ikizidi hupenya kwenye spika na vitufe. Simu za kukunja zina utando wa kiwandani ambao haupaswi kubanduliwa: mwaka 2019 baadhi ya wanahabari waliopewa Galaxy Fold, simu ya kukunja ya Samsung, kuijaribu waliubandua, na vioo vikaharibika.

Mwaka huohuo Samsung ililazimika kutoa sasisho la programu baada ya kugundulika kwamba baadhi ya protekta za silikoni ziliiwezesha Galaxy S10 kufunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Kama simu yako husoma alama ya kidole chini ya kioo, ukishabandika protekta mpya futa alama zilizohifadhiwa, uzisajili upya, kisha mwombe fundi ajaribu kuifungua kwa kidole chake kabla hujalipa.