direnv: tangu niiweke sijaandika activate tena

Nipo Moshi, Soweto, natengeneza websaiti za kampuni za safari na wateja wangu wengi wako Arusha, kwa hiyo laptopu moja ina folda kama nane, kila moja na mazingira yake ya Python (laibrari zake, unaziwasha kwa amri ya activate) na databesi yake. Mwezi wa tatu nikafanya kituko, nimetoka folda ya mteja mmoja nikaingia ya mwingine kwenye terminali ileile, nikasahau kubadili mazingira, nikapiga migrate, amri ya kuunda tebo kwenye databesi. Aisee. Tebo za huyu zikaingia kwenye databesi ya yule, nikakesha nazichomoa moja moja. Kosa langu kabisa, sina wa kumlaumu.

Jamaa yangu wa Sakina akaniambia we unateseka bure, weka direnv, kiprogramu kinachowasha na kuzima mazingira ya kila folda chenyewe. Nikapiga sudo apt install direnv, nikaongeza mstari mmoja chini kabisa ya .bashrc (faili la mipangilio ya terminali), eval "$(direnv hook bash)", basi. Kwenye folda unaweka faili la .envrc, langu lina layout python3, inayotengeneza mazingira ya Python ya folda hiyo, na mistari ya export inayotaja databesi ya kutumia. Ukiingia kwa cd inajiwasha, ukitoka inajizima na zile export zinaondoka, na hapo ndo iliponikuna, maana shida yangu haikuwa kuwasha, ilikuwa kusahau kuzima.

Mwanzoni nilidhani haifanyi kazi. Lile neno venv kwenye mabano nililozoea kuliona mwanzo wa mstari wa terminali mazingira yakiwa yamewashwa halitokei, nikaitoa na kuiweka upya mara mbili tatu mpaka nilipoandika which python kuona Python ipi inatumika, kumbe iko ndani ya folda ya .direnv muda wote! Halafu kila ukihariri .envrc inagoma mpaka upige direnv allow. Inaudhi, ila fikiria umevuta kodi (code) ya programu ya mtu usiyemjua halafu cd tu iendeshe alichoandika... hapana, acha inigomee.

Usidhani ni jela lakini, programu bado inaona mafaili yako yote, kinachotengwa ni laibrari na zile export. Kuna na use nix, inayotumia Nix kuipa folda hata programu zake nyingine, kwa wanaotaka zaidi, nilijaribu usiku mmoja bando la wiki likaisha kabla ya saa sita, nitairudia nikipata waifai ya mtu.

Na .envrc yenye pasiwedi iingize kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git isiyachukue), msije mkasema sikuwaambia.