Debian 12 kwenye laptopu ya biti 32: inafaa bado, ila angalia brauza

Niseme mapema kabisa, hii Debian 12 ya biti 32, yaani mfumo wa Linux kwa prosesa za zamani zisizojua biti 64, nimeipenda na naiandikia hapa ili wenye vile vilaptopu vidogo vya Intel Atom N270, vya 2008 hivi, wasivitupe kabla hawajaijaribu. Changu kina RAM giga 2 tu. Nilitoa diski ya zamani nikaweka SSD ya bei chee, nikachagua desktopu nyepesi ya LXQt, na mashine inapiga kazi: LibreOffice inafunguka, PDF za mtoto za shule zinasomeka, printa inachapa, miziki inacheza. Wifi ilikamata palepale wakati wa kuinstoli maana kuanzia Debian 12 fimwea (programu ndogo zinazowasha vifaa) za kadi za wifi zimo humohumo kwenye flashi, zamani ilikuwa mpaka uombe kompyuta ya mtu ukazitafute huko. Kwa hapo nyota tano.

Brauza ndo inashusha maksi. Ukifungua tabu tatu nne RAM imeisha, video za YouTube hata 360p zinakwamakwama, na hiyo siyo kosa la Debian, ni tovuti za siku hizi zimenenepa mno. Kingine ni kwamba Chrome ya Linux iliacha biti 32 toka 2016, na Firefox toleo 144 la Oktoba 2025 ndo lilikuwa la mwisho kwa biti 32 kwenye Linux. Kinachotubeba ni Firefox ESR 140, toleo linalotunzwa muda mrefu, ambayo Mozilla walisema itapata viraka vya usalama angalau hadi Septemba 2026. Kwahiyo Debian 12 yenyewe ina viraka vya muda mrefu hadi Juni 2028, ila brauza inaweza ikakuishia kabla ya hapo, na kompyuta ya leo bila brauza salama unabaki unaandikia barua tu.

Sasa kuna hili la Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imekata biti 32: keneli yake (kiini cha mfumo) hakuna, flashi ya kuinstolia hakuna, wamebakiza vifurushi vya kuendeshea programu za zamani ndani ya mashine za biti 64. Watu wamelalamika sana, na mimi mwenye hicho kilaptopu nasema Debian wamefanya sawa. Keneli ya biti 32 siku hizi ina watu wachache mno wanaoijaribu, na programu isiyojaribiwa ni hatari hata kama inawaka vizuri. Chukua Meltdown ya Januari 2018, ile kasoro ya usalama kwenye prosesa, wenye biti 64 walipata kinga kwenye Linux mwezi uleule, wa biti 32 wakasubiri mpaka keneli 4.19 ya Oktoba, yani miezi tisa nzima. Halafu kuna saa ya biti 32, hesabu ya sekunde ambayo kompyuta inajulia tarehe, inayofika mwisho tarehe 19 Januari 2038, kuirekebisha kote ni kazi kubwa ya watu wanaojitolea.

Ila nina neno kuhusu namna ya kuhesabu. Utasikia mtu anasema biti 64 zipo toka AMD walipotoa prosesa ya Opteron 2003, mmepewa zaidi ya miaka ishirini mnataka nini tena. Hapana jamani. Atom N270 imetoka 2008 na haijui biti 64 kabisa, watu waliinunua mpya dukani kwa hela yao. Hesabu ianzie mashine ya mwisho ilipouzwa, siyo mpya ilipotoka. Na huku kwetu Kariakoo au Luthuli kule Nairobi laptopu nyingi zinafika zikiwa mtumba, zimeshatumika ofisini Ulaya miaka kadhaa, kwahiyo mnunuzi wetu anaanza safari wenzake wanashuka. Ukikata sapoti mapema unamkata yeye kwanza. Debian hata kwa hesabu hiyo wamefaulu, na wamekuachia toleo la mwisho lenye viraka uhame taratibu.

Linganisha na Windows 11, hapo ndo roho inaniuma. Windows 10 imefika mwisho 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukitoa chache za cha saba. Kizazi cha nane ni 2017! Core i5 ya kizazi cha sita yenye giga 8 na SSD bado ni mashine safi kabisa, prosesa ina nguvu, imeachwa kwa sababu haimo kwenye orodha. Usalama ni sababu ya maana sikatai, lakini kuna tofauti kati ya prosesa isiyoweza na prosesa iliyokataliwa. Toleo la 24H2 kwa mfano haliwaki kabisa kwenye prosesa isiyo na amri ya POPCNT, hiyo naielewa, ni za kale kweli. Hata Red Hat, Linux ya makampuni, toleo la 10 wamepandisha wakataka AVX2, amri za prosesa ambazo Intel walizileta na prosesa za Haswell 2013, ila AlmaLinux, wanaotoa Linux inayofanana na ya Red Hat, wakatengeneza toleo la ziada kwa prosesa za nyuma yake. Njia ilikuwepo.

Kabla hujakata tamaa na mashine yako fungua teminali ya Linux andika lscpu, uangalie mstari wa op-mode. Wengi wana Core 2 Duo waliyopigiwa Windows ya biti 32 na fundi miaka ile wakaamini prosesa ndo ya biti 32, kumbe ni 64. Ikionyesha 64 weka Debian 13 moja kwa moja, RAM ukipata ya kuongeza ongeza. Ikionyesha 32 peke yake baki na 12, na mambo ya benki fanyia kwenye simu.