"Mwambie mwenye laptop aje": uzoefu wangu na fundi mmoja wa mjini Kampala

Nimengoja siku kadhaa hasira ipoe ndo niandike, haipoi, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Laptop yangu ni ya gemu, niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa pesa ya kuediti video za harusi na kwanjula za watu, zile sherehe za Kiganda za bibi harusi kumtambulisha mchumba nyumbani kwao. Mchana inanilisha, usiku nacheza nayo, mwaka na kitu hatujagombana. Sasa juzijuzi hapa ikaanza tabia. Nikiwa naediti, shwari kabisa. Nikiingia gemu ya magari, nusu saa hivi, pap! skrini nyeusi, feni kimya, taa zote zimekufa. Haigandi, haileti ile skrini ya bluu yenye maandishi, inakata tu kama mtu amechomoa waya ukutani. Ukiiwasha inawaka vizuri kama hakuna kilichotokea, na wewe mbio zako zimeshapotea.

Nilifanya ninayoyajua. Nikafuta draiva za grafiki zote nikaweka upya, nikashusha grafiki ya gemu mpaka magari yakawa kama maboksi, nikainua laptop kwa vitabu viwili ipate hewa kwa chini. Wapi. Nikafungua Event Viewer, pale Windows inapoandika matukio na hitilafu za mashine, nikakuta Kernel-Power 41 zimejipanga kama siafu. Kwa asiyejua, hiyo 41 haikutajii ugonjwa, inakwambia tu kwamba mashine ilizima bila kuzimwa inavyotakiwa, kwa hiyo bado unabaki na maswali yako yale yale, ni joto au ni umeme.

Nikaipeleka kwa fundi. Duka silitaji, liko kwenye jengo moja la maduka karibu na Old Taxi Park, watu walinisifia ati jamaa ana mikono. Nikafika, nikasalimia kwa Kiswahili, nikaweka laptop kwenye kaunta. Yule fundi hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu kama vile kuna mtu mwingine anakuja.

"Nyabo, hii laptop ya nani?" Nyabo kwa Kiganda ni kumwita mwanamke kwa heshima, mwanaume ni ssebo.

"Yangu."

"Ya bwana?"

"Yangu mimi, ssebo."

Akacheka. Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anachomelea simu pale pembeni, akamwambia kwa Kiganda ati huyu ameharibu laptop ya mume, sasa anaogopa kurudi nayo nyumbani. Alidhani kwa kuwa naongea Kiswahili basi Kiganda sisikii. Mimi nimekulia Bombo! Kiganda, Kinubi, Kiswahili, vyote nimenyonya. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nataka laptop yangu ipone, na kazi ya mteja ya Jumamosi ilikuwa humo ndani.

Nikaanza kumweleza, na hapa ndo panaponiuma mpaka leo. Nilimwambia inazima kwenye gemu tu, kwenye kuediti haizimi. Nikamwambia kitu kingine nilichokiona mwenyewe kwa macho yangu: nikiwa nacheza, hata chaja ikiwa imechomekwa, betri inashuka. Inaanza mia, dakika ishirini iko sitini, na chaja iko ukutani inawaka taa! Nikamwambia hivyo hivyo, taratibu, kwa Kiganda sasa ili asiseme hakuelewa. Akachukua kadi yake, akaandika neno moja, akanikatisha: "Mwambie mwenye laptop aje tuongee naye."

Sikujibu. Nikalipa nusu, nikaondoka.

Siku mbili baadaye nikaichukua, elfu themanini, ameisafisha na kubadilisha pesti ya prosesa, ile dawa inayopakwa ipitishe joto. Usiku huo huo nikacheza, ikazima. Nikarudi. Safari hii hakufungua hata skrubu moja, aliibonyeza tu akaitazama akasema bodi imekufa, nyingine ni milioni moja na laki nne, au kama sina, yeye anaweza kuinunua kwangu kama spea kwa laki tatu. Laki tatu! Mashine ambayo nimeiwasha mbele yake ikawaka!

Nikaibeba nikapanda boda nikarudi nyumbani nimefura. Nikaichomeka nicheze tu kwa hasira, na nilipoegemea mkono kwenye lile tofali la chaja nikauondoa haraka, lilikuwa linaunguza. Nikaligeuza. Nikawasha tochi ya simu maana yale maandishi ni madogo kama mayai ya chawa na nusu yamefutika, nikasoma: 19.5V, 6.15A. Nikazidisha kwenye simu, ikaja wati 120. Nikaigeuza laptop nisome kibandiko cha chini, pale panapoandikwa inataka nini: 19.5V, 11.8A. Hiyo ni wati 230.

Yaani muda wote huo chaja ilikuwa inampa mnyama nusu ya chakula. Na kila kitu kikanijia hapo. Kuediti kwangu mashine haiombi mengi, 120 zinatosha. Ukiingia gemu, prosesa na grafiki kadi zinakaza pamoja, zinaomba zaidi ya kile chaja inachoweza, basi inayobaki inachotwa kwenye betri, ndo maana inashuka ikiwa imechomekwa. Zamani betri ilikuwa na nguvu ikawa inaziba hilo pengo bila mimi kujua. Nikaandika powercfg /batteryreport kwenye ule ukurasa mweusi wa amri, inakutolea ripoti yenyewe, bure: betri ilitoka kiwandani na uwezo wa kushika umeme wa mWh 90,000, sasa hivi ikijaa inashika 38,000. Imechoka. Ikifika asilimia thelathini hivi na gemu ikaomba umeme mwingi kwa ghafla, haiwezi, inaangusha kila kitu. Na aliyeniuzia laptop ndo alinipa chaja ya mashine nyingine, kichwa kinaingia vizuri kabisa, nani angejua.

Jirani yangu ana chaja ya 230 yenye kichwa kile kile na volti zile zile, nikaiazima kwake. Nikacheza saa tatu. Betri mia, haijatikisika. Nikalia, siwafichi. Kesho yake nikanunua ya kwangu, laki mbili na sitini, na kabla sijatoa pesa nikamwambia muuzaji anipe nisome lebo kwanza. Na wewe soma: volti lazima zilingane na za laptop yako, ampia zikizidi hakuna shida, laptop inachukua inachohitaji tu, ila zikipungua ndo utapelekwa kuambiwa bodi imekufa.

Sasa, haki ya Mungu isemwe. Ile kazi ya kusafisha aliifanya vizuri. Kabla ya kwenda kwake prosesa ilikuwa inagonga nyuzi 97 za joto kwenye gemu, na nyingi zikikaribia 100 zinapunguza kasi zenyewe zisiungue. Sasa inakaa 82, na feni siisikii hata usiku. Alitoa vumbi jekundu la mwaka mzima, pesti ameipaka safi, skrubu zote zimerudi, hata ile moja ambayo ilikuwa inacheza toka nimenunua ameikaza. Elfu themanini kwa kazi hiyo si bei mbaya. Nilitaka kumpa nyota moja, nikaona hapana, mikono yake inastahili tatu. Kama laptop yako ina joto na wewe ni mwanaume, nenda tu, atakuhudumia vizuri.

Halafu juzi nikaenda tena. Sikwenda kugombana, nilitaka tu ajue, kesho akija mwingine mwenye shida kama yangu asimwambie auze spea. Nikaziweka chaja zote mbili kwenye kaunta, lebo juu, ile ya 120 na ile ya 230. Akazisoma. Akasoma tena. Akaniambia, "Sawa nyabo, lakini ungesema mapema kwamba betri ilikuwa inashuka."

Ningesema mapema! Nilisema! Nilisema siku ya kwanza, kwenye kaunta hiyo hiyo, kwa lugha mbili! Basi hizo tatu nazirudisha, nampa moja, na hiyo moja ni ya pesti. Ile kadi yake ninayo mpaka sasa. Kwenye shida ameandika "inazima", basi. Na kwenye jina la mwenye mali ameandika "Mr." halafu jina langu.