Macho makavu, Tanga mjini: mtazame daktari anavyopima kabla hajaandika dawa

Sehemu tatu nimepita. Mbili nilitoka na chupa mkononi bila mtu kunigusa kope. Ya tatu nilipimwa karibu nusu saa, na hiyo ndiyo naipa alama zote.

Ukavu wa macho una njia mbili: machozi ni machache, au yapo lakini yanakauka upesi kwa kuwa tezi za mafuta kwenye ukingo wa kope zimeziba. Hii ya pili ndiyo inayowapata wengi. Jicho la namna hiyo linaweza kububujika machozi ukipigwa na upepo wa bodaboda, kisha uambiwe "mbona una machozi tele?" Ukisikia hivyo, tafuta mwingine.

Mjuzi huanza na maswali: unatumia dawa za mzio kama cetirizine au piritoni, ambazo hukausha macho? Mdomo nao unakauka? Viungo vinauma? Halafu anaweka rangi ya njano jichoni, anakuzuia kupepesa na kuhesabu sekunde. Utando wa machozi ukipasuka kabla ya 10, una tatizo. Karatasi ya kupimia machozi inafuata baada ya rangi, kwa sababu inakwaruza jicho na kuharibu kipimo cha sekunde. Inakaa kopeni dakika 5: ikilowa chini ya milimita 10 machozi ni haba, chini ya 5 hali ni mbaya. Mwisho anaminya kope. Mafuta mazima hutoka mepesi kama ya kupikia, yaliyoharibika ni mazito kama dawa ya meno.

Mimi nilipata milimita 14, sekunde 4, mafuta mazito. Kwa hiyo tiba yangu ni joto, na matone ni nyongeza tu. Kitambaa cha maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, juu ya macho yaliyofumbwa, dakika 10, asubuhi na jioni. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kitambaa hupoa ndani ya dakika mbili tatu, lazima ukichovye tena na tena. Kisha sugua taratibu, kope ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa.

Matone ukiyatumia zaidi ya mara 4 kwa siku, omba yasiyo na benzalkonium chloride. Kemikali hiyo ya kuhifadhi dawa yenyewe inakwaruza jicho.

Sehemu ya kwanza walinipa matone yenye dexamethasone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Wekundu uliisha siku mbili, nilipoacha ukarudi. Dawa hiyo ina kazi yake, kwa muda mfupi na chini ya uangalizi, lakini inaweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa kuonea bila maumivu. Asiyekupima presha ya jicho asikupe uendelee nayo.

Mpima miwani si daktari bingwa wa macho. Bingwa husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize bila aibu. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, na tatizo likizidi kuna KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam. Maumivu makali au kuona kufifia, nenda siku hiyohiyo.

Kasoro ya sehemu ya tatu: karatasi za kupimia huisha. Piga simu kwanza uulize kama zipo.