Robert Johnson: santuri ya 1961 au mkusanyiko wa 1990?

Robert Johnson wa Mississippi, Marekani, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues (muziki wa Wamarekani weusi), alirekodi nyimbo 29 tu, huko San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937. Mwaka uliofuata akafariki. Anayetaka kumsikiliza leo huanzia kwenye moja kati ya matoleo haya mawili.

Santuri ya 1961 ya kampuni ya rekodi ya Columbia, King of the Delta Blues Singers, ina nyimbo 16. Jaladani kuna mchoro wa mpiga gitaa aliyeonekana kutoka juu, ameinama, uso hauonekani. Inafunguka kwa Cross Road Blues, ile rekodi ya pili ya wimbo huo, ya mwendo wa polepole, na papo hapo unasikia besi ikinguruma huku nyuzi nyembamba zikilia, kana kwamba wapigaji ni wawili. Ni mtu mmoja! Mtiririko wa santuri hii ni mzuri mno. Ukimaliza upande mmoja unageuza bila kufikiri.

The Complete Recordings ya 1990 ina rekodi 41, yaani nyimbo zote 29 pamoja na marudio ya baadhi yake, na safari hii picha yake halisi ipo. Kwa mpiga gitaa anayejifunza, hii ni hazina: anasikia Johnson alichobadilisha aliporudia wimbo. Ila marudio yamepangwa yakifuatana, wimbo uleule mara mbili mfululizo, na kwa msikilizaji wa kawaida hilo linachosha.

Mimi ningemwambia mgeni aanze na ya 1961. Ya 1990 aitafute akishanogewa.