Apu ya miziki imenichezea zilipendwa zangu katikati ya dedilaini

Naandika hasira hazijaisha, kwahiyo mkiona nimepitiliza mjue nimechokozwa. Ni hizi apu za kusikilizia miziki za kulipia kila mwezi, jina silitaji, zote lao moja.

Mimi nikiwa na kazi ya kuandika inayotakiwa kesho asubuhi kimya kimya siwezi. Lazima zilipendwa, tena sio zilipendwa zozote tu, kuna albamu moja naijua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya kiitikio. Watu wanasema mziki wenye maneno unavuruga uandishi, maneno yanapigana na maneno kichwani, na ni kweli kabisa ukiweka wimbo mgeni, sikio linadandia linataka kujua jamaa anasema nini. Ila wimbo ulioukariri miaka nenda miaka rudi hauna jipya la kukuambia, unakuwa kama ukuta, kelele zote zinabaki upande wa pili huku vidole vinakimbia. Hata saa siangalii, najua wimbo wa nne ukiisha aya iwe imefungwa. Enzi za kaseti ya dakika 60 ndio usiseme, upande mmoja dakika 30, ukisikia kitufe kimeruka "tak" unainuka, unanyoosha mgongo, unageuza kaseti, unarudi kazini.

Sasa siku hiyo niko moto, ripoti imefika pale kwenye mapendekezo, ukaingia wimbo wa tatu nikahisi kuna kitu hakiko sawa. Gitaa safi mno. Ngoma zimeletwa mbele mpaka kero. Mwimbaji sauti imeshazeeka, halafu pale mwishoni ambapo gitaa la solo huwa linaachiwa litambe peke yake, pamekatwa!! Wimbo umeisha hivyo hivyo. Sentensi yangu ilibaki "kwa hiyo tunapendekeza" na mpaka leo sikumbuki nilitaka kupendekeza nini.

Kwenda kuangalia, kumbe albamu yenyewe imeondolewa, nyimbo zimekuwa za kijivu hazibonyezeki, na kwenye plelisti yangu wamepachika toleo lililorekodiwa upya, jina lile lile, bila hata taarifa. Na nilikuwa nimezipakua nisikilize offlaini! Kupakua gani huko, faili limefungiwa humo humo ndani ya apu, mkataba wao na wenye haki ukiisha nalo linazima. Najua wasanii wengi wanarekodi upya kwa sababu masta za zamani, yaani rekodi zenyewe za kwanza, zimeshikiliwa na kampuni, na hapo niko upande wa msanii asilimia mia. Lakini si mniulize kwanza jamani?

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakajibu: "Ndugu mteja, maudhui hubadilika mara kwa mara, tunakushauri ujaribu plelisti yetu ya Umakini." Nikamwambia ndugu yangu mimi nataka solo langu lirudi, akanibandikia jibu lile lile neno kwa neno. Hiyo Umakini yenyewe ni vinanda vinasinzia, na maelezo eti kumsikiliza Mozart, yule mtunzi wa muziki wa kale wa Ulaya, kunaongeza akili. Ule utafiti wa 1993 ulioanzisha maneno hayo ulihusu mafumbo ya maumbo, na faida yake haikuzidi robo saa, ripoti ya mtu haukuigusa.

Nilichomaliza nacho kazi ni MP3 nilizozitoa kwenye CD zamani zile, zipo kwenye memori kadi, wimbo mmoja unaruka katikati na ninaujua mruko wake, hata haunitoi kwenye mstari. Solo lilipoingia nikaongeza sauti, ukurasa mzima ukashuka bila kusimama.

Kwahiyo niifute? Hapo ndipo pananiuma, maana apu hiyo hiyo ndiyo iliyonipatia rekodi ya jukwaani ya bendi ile ile ambayo nilishaikatia tamaa, na kwa kuandikia barua pepe za asubuhi haina mpinzani. Nawapa nyota mbili. Haya tatu, kwa ajili ya ile rekodi. Hapana bwana, nikikumbuka lile "Ndugu mteja" la pili, mbili zinawatosha, na hela ya mwezi ujao wameshakata.